Mguu Umevunjika Uani, Nani Alipe?

Mwezi huu tunaleta habari ambayo imetusumbua tangu mvua zilipoanza. Ni habari ya mama mmoja wa kambi yetu, ambaye kijana wake amepanga chumba kule Nkoma, Mbale. Jina lake tunaliacha kwa sababu ameomba hivyo, na la mwenye nyumba tunaliacha kwa sababu shauri halijaisha. Wengi wenu mmeisikia nusu nusu kwenye foleni ya maji, kila mtu akiongeza chumvi yake. Sisi tumekaa na mama mwenyewe, tumempigia kijana simu, na tumeongea na mwanasheria anayewasaidia bure. Haya ndiyo tuliyopata.

Nkoma iko upande wa kaskazini wa mji wa Mbale, kwenye barabara ya kwenda Kumi na Soroti, pale kilipo Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichofunguliwa mwaka 1988. Penye chuo pana wanafunzi, na penye wanafunzi pana vyumba vya kupanga. Vingi ni vile vya mstari, mlango kwa mlango, ambavyo Waganda wanaviita muzigo. Choo ni kimoja, bomba ni moja, na ua ni wa wote. Kijana wetu hasomi chuoni, anauza chaja na vifuniko vya simu kando ya barabara, na kila mwezi anatuma kidogo nyumbani. Likizo iliyopita dada yake wa miaka 14 alipanda basi kwenda kumtembelea. Ni safari ndefu, mpaka Kampala, halafu Jinja kwa lile daraja jipya la Nile lililofunguliwa 2018, halafu Mbale. Mtoto alifika amechoka lakini mzima.

Katikati ya ua wa nyumba ile kuna shimo la maji machafu, limefunikwa kwa zege. Zege lilikuwa na ufa. Wapangaji walikuwa wameweka jerikeni kuukuu juu yake kama alama, na siku ile jerikeni lilikuwa limeondolewa na watoto. Jioni umeme ulikatika. Msichana alitoka bombani na maji kichwani, akakanyaga, zege likaingia ndani naye. Mguu ulivunjika mahali pawili chini ya goti.

Asubuhi mwenye nyumba alifika na kilo mbili za sukari. Akasalimia vizuri, “Mulembe,” akatoa pole, kisha akasema maneno mawili ambayo ndiyo yametufanya tuandike habari hii. La kwanza: “Mimi mpangaji wangu ni huyu kaka yake. Huyu msichana sijampangisha, simjui.” La pili: “Na pale kila mtu anajua hapakanyagwi.”

Kijana alinyamaza. Na sisi tungekuwa pale labda tungenyamaza pia. Mgeni katika nchi ya watu, kodi ya mwezi bado hujamaliza, utamjibu nini mzee wa watu? Lakini maneno yale mawili tumeyapeleka kwa mwanasheria, na kumbe yote mawili ni ya zamani sana, yamebishaniwa mahakamani kabla babu zetu hawajazaliwa.

“Huyu sijampangisha”

Neno hili lilimshinda mama mmoja Uingereza mwaka 1906. Mume wake alikuwa amepanga nyumba mbovu, sakafu ya jikoni imeoza. Upande wa mwenye nyumba uliahidi kutengeneza, haukutengeneza, na mke akaumia kwa sababu ya sakafu ile ile. Kesi ilifika mahakama ya juu kabisa ya nchi yao. Inaitwa Cavalier na Pope, wanasheria wanaijua. Majaji wakamwambia mama: ahadi alipewa mume wako, wewe si sehemu ya mkataba, hupati kitu. Yaani aliyelala katika nyumba ile, aliyepika katika jiko lile, sheria haikumwona.

Tunaieleza kwa sababu sheria ya Uganda ilikuja na Waingereza, na majaji wa hapa bado wanasoma kesi za kule, ingawa hawafungwi nazo. Kwa bahati nzuri haikusimama hapo. Mwaka 1932 mahakama ile ile iliamua kesi ya mwanamke wa Scotland aliyekunywa soda ya tangawizi akakuta konokono aliyeoza ndani ya chupa. Soda hakuinunua yeye, alinunuliwa na rafiki yake, kwa hiyo mkataba hakuwa nao na mtu yeyote. Bado majaji walisema mtengenezaji anawajibika kwake, kwa sababu unapofanya jambo lazima umfikirie yule ambaye uzembe wako unaweza kumwumiza. Tangu hapo mtu aliyeumizwa na uzembe haulizwi kwanza kama ana mkataba.

Sasa kwa nyumba za kupanga kuna mstari ambao ni vizuri kila mpangaji aujue. Ndani ya chumba chako, ukishapewa ufunguo, wewe ndiye unayepatawala. Ukimwacha mgeni wako ateleze kwenye maji uliyomwaga mwenyewe, usimtafute mwenye nyumba. Lakini ngazi, ua, choo cha wote, ukuta wa nje, paa, na shimo la maji machafu, hivyo hakupangishiwa mtu. Vimebaki mikononi mwa mwenye nyumba, na anayeshika mahali ndiye anayetakiwa kupaangalia. Mwaka 1976 mahakama iliamua kesi ya wapangaji wa jumba refu huko Liverpool waliobishana na baraza la mji kwa ajili ya ngazi zenye giza na lifti zilizokufa. Kwa hayo hawakushinda pesa, maana majaji waliona baraza lilikuwa limejaribu kutengeneza na wahuni wakaharibu. Ila walitamka jambo kubwa: mwenye jumba ana wajibu wa kutunza kwa uangalifu wa kawaida sehemu ambazo wote wanapita, hata kama mkataba hausemi chochote.

Kwa hiyo lile zege la Nkoma liko upande gani wa mstari? Liko uani. Na msichana alikuwa mgeni halali wa mpangaji, anachota maji kwenye bomba la wote. Mwanasheria anasema kama angeumia ndani ya chumba cha kaka yake, kesi ingekuwa ngumu zaidi. Pale uani, neno la “sijampangisha” halina nguvu kubwa.

Hapa tuseme jambo kwa ndugu zetu tuliotoka Kongo, kwa sababu wengi wametuuliza kwa nini mambo hapa ni marefu hivi. Kule nyumbani kuna sheria ya mikataba na madeni ya tarehe 30 Julai 1888, na kifungu chake cha 262 ni kifupi tu: mwenye jengo anajibu kwa madhara yaliyoletwa na kuanguka kwa jengo lake, kama limeanguka kwa kukosa matunzo au kwa ubovu wa kujengwa. Unaonyesha kwamba limeanguka na kwa nini, basi. Uganda inataka zaidi. Lazima uonyeshe kwamba mwenye nyumba alikuwa na wajibu, kwamba alizembea, na kwamba uzembe huo ndio uliokuumiza. Kenya nayo ina sheria yake maalumu juu ya wanaoshika majengo, tangu 1963, nayo inamgusa pia mwenye nyumba aliyejifunga kutengeneza. Wenye watoto Nairobi wakumbuke hiyo.

“Kila mtu anajua”

Neno la pili lina ukweli kidogo, na tusijidanganye. Ukijua hatari ukaifuata kwa macho yako, mahakama inaweza kusema na wewe ulichangia, na fidia ikapunguzwa. Mtu mzima anayepanda ngazi iliyovunjika akiwa amelewa, aikanyage sehemu ile ile aliyoonywa, asitegemee kupata yote.

Lakini msichana alikuwa na siku mbili tu pale. Alama ilikuwa imeondolewa, na giza lilikuwepo. Zaidi ya yote, neno hili linamrudia mwenye nyumba mwenyewe. Kama kila mtu alijua, basi na yeye alijua! Katika kesi za namna hii swali gumu kwa aliyeumia huwa ni hilo: je, mwenye nyumba alijua ubovu, au angetakiwa kuujua? Yeye amelijibu kwa kinywa chake, mbele ya wapangaji watatu.

Kijana anasema alimwambia mara mbili, mara ya kwanza alipokwenda kulipa kodi, mara ya pili kwa simu. Tulipomwuliza una ushahidi gani, akatuambia, “Si nilimwambia tu kwa mdomo?” Hapo ndipo tunapoumia sisi wapangaji. Tunasema, tunasahau tarehe, na siku ya siku mwenye nyumba anakana. Mwanasheria anasema ujumbe mmoja wa simu ungetosha: “Mzee, zege la shimo limepasuka, watoto wanapita hapo, tafadhali litengenezwe.” Usiufute. Kama mwenye nyumba hasomi ujumbe, nenda na jirani, mwambieni pamoja, andikeni tarehe kwenye daftari na wote mtie sahihi. Mwenyekiti wa LC1 naye akijulishwa kabla ya ajali ni shahidi mzuri kuliko akiitwa baada yake. Picha ya ufa wenyewe, hata ya simu ya bei rahisi, ni kitu kikubwa, kwa sababu kesho yake asubuhi zege jipya lilikuwa limeshamwagwa pale Nkoma na hapakuwa na kitu cha kuonyesha. Bahati mwanafunzi mmoja jirani alikuwa amepiga picha usiku ule ule.

Kuna pia ofisi za serikali. Afisa wa afya wa mji ana nguvu chini ya Sheria ya Afya ya Umma kuamuru nyumba yenye hatari itengenezwe, na tangu 2013 kuna Sheria ya Usimamizi wa Majengo inayotaka kila mji uwe na kamati ya majengo. Waya ukining'inia nje kwenye nguzo au mita, piga simu UEDCL, ambao wamechukua kazi ya Umeme kuanzia Aprili 2025. Waya wa ndani ni wa mwenye nyumba na fundi mwenye leseni. Jinja ndiko lilikojengwa bwawa la Owen Falls mwaka 1954, lakini familia zetu zilizopanga huko zinatuambia kuna vyumba ambavyo taa inawashwa kwa kugusanisha nyaya mbili. Jamani, hiyo msiite swichi.

Na kusema mapema si kwa ajili ya kesi tu. Mnakumbuka ghorofa la Huruma, Nairobi, lililoanguka tarehe 29 Aprili 2016 usiku wa mvua na kuua watu wapatao 50. Lilikuwa limeshatiwa alama kwamba halifai kukaliwa, na bado vyumba vilikuwa vimejaa wapangaji. Maskini hakai kwenye nyumba mbovu kwa kupenda, tunajua. Hata Mbale, mafuriko ya Julai 2022 yaliyoua watu zaidi ya 20 yaliwakuta wengi karibu na mito, Nabuyonga na mingine, ambako vyumba ni vya bei nafuu. Hapo mwenye nyumba atasema mvua ni ya Mungu, na mara nyingine atasikilizwa. Zege lenye ufa wa miezi si la Mungu.

Hofu ya kufukuzwa

Tukimwuliza kijana kwa nini hakusisitiza, anajibu wazi: “Angenitoa.” Wapangaji wengi wakimbizi tuliozungumza nao wanasema vile vile. Basi tuliweke sawa jambo hili, maana sheria imebadilika na watu bado wanaishi na ile ya zamani kichwani.

Mwaka 2022 Uganda ilipata Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji, iliyoondoa ile ya kodi ya mwaka 1949. Sheria mpya inamtaka mwenye nyumba apangishe nyumba inayofaa kuishi binadamu na aitunze katika hali nzuri. Inamkataza kupandisha kodi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Na kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama ni kosa la jinai, lina faini au kifungo. Kung'oa mlango, kutoa mabati, kukata maji ili uondoke mwenyewe, yote hayo hayaruhusiwi.

Wengi wanasema, “Lakini mimi sina mkataba.” Unao. Sheria inataka maandishi pale kodi inapofika shilingi 500,000 au zaidi. Chumba cha kawaida cha Nkoma hakifiki hapo, na makubaliano ya mdomo ni makubaliano. Ukiweza kupata risiti, au kulipa kwa simu ili rekodi ibaki, umejisaidia sana.

Na ukimbizi je? Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inatupa haki ya kwenda mahakamani kama wengine. Kadi yako ya mkimbizi haikuzuii kudai. Ikiwa dai halizidi shilingi milioni 20, hakimu wa daraja la kwanza anaweza kulisikiliza, na likifika mpaka milioni 50 ni hakimu mkuu. Kwa mtu aliyeumia mwili kwa uzembe muda wa kufungua kesi ni miaka mitatu. Wanaosaidia bila malipo wapo: Refugee Law Project ya Makerere, iliyoanza 1999, FIDA kwa akina mama, na mradi wa msaada wa sheria wa chama cha wanasheria wa Uganda.

Hatusemi kila kitu kiende kortini. Kesi ni safari, ni nauli, ni kuahirishwa mara nne. Mwenyekiti wa LC1 akiwakalisha pamoja mkaelewana, ni afadhali mara nyingi. Ila kuelewana nako kuna mtego, na mama yetu ameuingia.

Tugeukie kwanza upande wetu kidogo, maana tumezoea kuandika kana kwamba sisi ni wapangaji tu. Hapa kambini kuna ndugu zetu waliojenga vyumba viwili vitatu karibu na soko na wanapangisha. Tumetembea tukaona. Kuna choo kimoja ambacho mbao za sakafu zinacheza, na mwenyewe alipotuona akacheka, akasema, “Wameshazoea.” Ndugu, hilo ndilo neno la mzee wa Nkoma kwa lugha nyingine. Anayepokea kodi ndiye anayeulizwa, awe raia awe mkimbizi. Mbao mpya mbili hazifiki bei ya kulaza mtoto hospitali siku moja. (Tumepita tena juzi. Mbao moja imebadilishwa.)

Sasa ile karatasi. Mama alipofika Mbale siku ya tatu, mtoto alikuwa hospitalini na bili inapanda. Mwenye nyumba akaja na mwenyekiti, akasema atalipa bili yote mpaka siku ile na nauli ya kurudi. Mama akamshukuru, akalia. Ikaandikwa karatasi kwa Kiingereza, kijana akasomewa haraka haraka, mama akaweka kidole gumba. Mstari wa mwisho ulisema familia haina madai mengine yoyote, leo wala kesho.

Hatumlaumu mama. Daktari alikuwa anadai, na pesa ilikuwa mezani. Lakini siku ile hakuna aliyejua mguu utapona vipi. Wiki sita baadaye mfupa mmoja ulikuwa umeunga vibaya na daktari akasema huenda ukafunguliwa tena. Pesa ya hiyo itatoka wapi? Kama mnapewa pesa ya matibabu, ipokeeni na muandike kwamba ni ya matibabu ya mpaka tarehe fulani. Maneno ya kufunga madai yote yasubiri daktari aseme amemaliza. Na karatasi ya lugha usiyoijua, omba nakala, sema “nitairudisha kesho,” utafute wa kuisoma. Aliyekuja kwa nia njema atakungoja usiku mmoja.

Mwanasheria ameisoma. Anasema mzee wa watu hakufanya ujanja, karatasi ya namna hiyo ni ya kawaida, na hakimu anaweza kuiheshimu. Ila aliyeumia ni mtoto, hakuweka kidole yeye, na mama hakuelezwa alichokiwekea kidole. Amemwandikia mwenye nyumba barua ya heshima kuomba wakae tena, pamoja na ile picha ya ufa na majina ya wapangaji watatu waliosikia “kila mtu anajua.” Nakala imekwenda kwa LC1.

Mtoto amerudi kambini, anakwenda shule kwa fimbo, na amewekwa dawati la mlangoni ili asipande ngazi. Karatasi zake za hospitali, picha za mifupa na risiti zote mama amezifunga ndani ya kaveera mbili na kuziweka chini ya godoro. Jibu la barua lilikuwa halijafika tulipokuwa tunapeleka gazeti hili kuchapwa. Kijana bado anakaa chumba kile kile, na mwezi huu kwa mara ya kwanza mwenye nyumba amemwandikia risiti.